Herufi Nane

Mezani kwa Bitariho, fundi redio wa Gungu,
pedali tatu zimelala chali, matumbo wazi.
Ya kwanza inabana sauti, isiruke, isizame.
Ya pili inakwaruza.
Ya tatu inaishusha noti ghorofa nzima chini
hadi glasi za bia zinatembea zenyewe juu ya meza.
Ni makopo ya biskuti aliyoyanyoosha kwa nyundo,
kila moja kalipaka rangi yake,
ili mguu, anasema, ujue njia hata gizani.

Halafu kuna Kashindi wa Kibirizi,
anayevuka kwenda Uvira na kurudi
na vitu vilivyofichwa katikati ya vitenge.
"Dada Yolanda, acha utoto.
Hii moja ina sauti mia na ishirini na nane."
Akaiwasha. Kioo cha bluu.
Nikazungusha kidude: Pango. Kanisa. Uwanja wa Mpira.
Chini ya Maji.
Hapo nikacheka,
maana ziwa letu nalijua, halisemi hivyo.

Wahenga walituachia: moja shika, si kumi nenda uje.
Hawakusema moja ipi.
Hii yenye mia tumboni,
au ile yenye moja, basi?

Usiku nikapiga hesabu, mtoto ananyonya.
Pedali tatu, betri tatu, waya nne fupi,
ncha nane, na kila ncha
inaweza kulia kama paka
katikati ya harusi ya watu.
Lakini ikifa moja, mbili zinabaki zinapumua.
Sanduku likifa, limekufa na ukoo wake.
Tena umeme wa Mwanga ukikatika, jenereta likaamka,
sanduku linahitaji sekunde kumi na moja
kukumbuka jina lake.
Nimezihesabu. Kwenye sebene, sekunde kumi na moja
mtu kaoa, kaacha.

Haya. Niseme na ule ukweli usioimbika:
nina mtoto wa miezi mitano mgongoni,
besi begani,
na bodaboda ya kurudi Ujiji saa nane usiku
haimsubiri mtu anayekunja waya
huku akimulikwa na simu ya mpiga ngoma aliyelewa.
Kati ya mia na ishirini na nane natumia nne.
Zilizobaki ni vyumba vya nyumba ya tajiri,
umevilipia, huvilali.
Lakini waya ni mmoja wa kuingia, mmoja wa kutoka.
Nikatoa pesa ya mawese ya mama.
Nikabeba.

Siku tatu nilizungukia nyuma ya shule
nisipite kibandani kwa Bitariho.
Ya nne akaniita kwa mluzi.
Hakuuliza bei.
Akalipindua sanduku, akafungua skrubu, akachungulia:
ubao wa kijani, vipande vidogo kama mayai ya chawa.
"Wamo wote humu," akasema,
"mbanaji, mkwaruzaji, mshushaji.
Ila hawana miili."
Akafunga. Akanirudishia
pamoja na kopo la njano, lile la kukwaruza.
"Hili litangulie. Sanduku lina adabu mno."

Basi linatangulia kila Jumamosi,
isipokuwa betri ikiisha,
na betri huisha siku ya wageni.

Sasa, sanduku linakuruhusu
sauti uliyoitengeneza mwenyewe uipe jina,
ila herufi nane tu, hakuna ya tisa.
Juzi nilikaa kitandani, vipokea sauti masikioni,
nikiutafuta mkwaruzo wa kopo la njano
bila kopo.
Sijaupata. Nimeukaribia.
Nikazungusha kidude polepole,
B, kisha I, kisha T,
mtoto amelala, kioo kinamulika ukuta.
Jina lake limeenea lote,
hakuna nafasi iliyobaki.
Yeye sijamwambia.