Mhojiwa wa Ishirini na Saba

Nadharia tete yangu ilikuwa sentensi moja,
niliipiga pasi mpaka ikakosa kunyanzi:
watu hukatiwa gesi ya kupashia nyumba joto
kwa kuwa hawajui kwamba msaada upo.
Profesa Lindqvist aliisoma akiwa amesimama.
"Nzuri," akasema. "Sasa katafute wa kuikanusha."

Basi Januari nzima nilipanda vilima vya Duluth,
hojaji arobaini na moja kwenye mfuko wa nailoni,
kalamu nimeibana kwapani wino usigande,
na ziwa kule chini limekaza kama sahani ya bati.
Mlango ulifunguka kiasi cha pua kupita.
Nilijitambulisha. Nilieleza kuwa siri itatunzwa.
Niliambiwa: ingia basi, joto linatutoka.

Swali la tisa: Je, umewahi kusikia kuhusu ruzuku?
Ndiyo.
Ndiyo, mara mbili.
Ndiyo, fomu ile pale, chini ya kopo la chumvi.
Kufikia mhojiwa wa kumi na tano
sentensi yangu ilikuwa imekwisha kufa
nami bado nina vilima vya kupanda.

Wa ishirini na saba simtaji, niliahidi.
Kwenye tasnifu anaitwa M27.
Mumewe nitamwita Verner; silo jina lake.
Alivaa makoti mawili humo humo ndani,
la juu la kiume, mikono imekunjwa mara tatu.
Fomu alikuwa ameijaza yote
kwa mwandiko wa watu waliochapwa rula vidoleni,
isipokuwa mstari mmoja: sahihi ya mwenye akaunti.
Mwenye akaunti yuko makaburini tangu Oktoba.

"Si upige simu wabadilishe jina?" nikasema.
(Mtafiti hapaswi kusema hivyo. Naungama hapa.)
Akanitazama kama mtu anayehesabu chenji.
"Benki wamemfuta. Maktaba wamemfuta.
Kanisani walimsoma mara moja, wakafunga daftari.
Kampuni ya gesi tu ndiyo bado inamwandikia,
kila mwezi, Mpendwa Bwana Verner.
Waache wamdai."

Usiku ule, jedwali likaniuliza
kama karani anayetaka kufunga dirisha:
Alikataa msaada? Sifuri au moja.
Nikaandika moja. Nikafuta. Nikaandika sifuri.
Pa Houa, ambaye utafiti wake ni wa nauli za wanafunzi
na ambaye alikuwa na usingizi kuliko mimi,
akasema, "Mpe tisini na tisa. Hakujibu."
"Amejibu," nikasema. "Amejibu kuliko wote."

Nikaiacha seli tupu, nikaweka tanbihi.
Tanbihi ikavimba, ikala nusu ya ukurasa,
maandishi madogo yakisukuma makubwa juu.

Aprili, walimu watatu na jagi la maji.
Sampuli ni ndogo. Ni ndogo, nikakubali.
Huwezi kudai kuwa hili ndilo lililosababisha lile. Sidai.
"Na hii tanbihi, mbona isiwe sura?"
Nikanywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Pendekezo liko ukurasa wa sitini na tatu:
fomu iongezewe kisanduku, mwenye akaunti amefariki,
na aliyebaki atie sahihi yake.
Mstari mmoja wa wino. Haugharimu kitu.
Mtu wa tume alisema utajadiliwa.
Ukipita, utampa M27 joto
na kumnyima barua.
Hilo sikuliandika popote.
Nikapewa daraja la juu la heshima.

Mei nilimpelekea nakala, imejalidiwa, bado inanuka gundi.
Barafu ziwani ilikuwa imeachia, koti lile bado kalivaa.
Akalamba kidole, akafunua, akafunua,
akajikuta: M27. Akatikisa kichwa, kwa kuridhika nadhani.
Kisha akaendelea kutafuta, ukurasa hadi ukurasa,
mpaka marejeleo, mpaka jalada la nyuma.
"Na yeye?" akauliza.
"Yeye mlimpa namba gani?"