Chumba Namba Tatu, Kisoro

Wageni wa chumba namba tatu hawaji tena.
Wamesikia homa imeingia Uganda,
Uganda yote, kama chumvi mchuzini.
Mgonjwa yuko mbali, siku nzima kwa basi,
ila kwenye ramani yao
kidole kimoja kinatufunika sote.

Nakunja shuka nililolipiga pasi alfajiri.

Juzi alikuja mmoja: chandarua chake, vidonge vyake,
maswali tele ya gorila na mpaka wa Kongo;
kisha akateremka mlima juu ya bodaboda,
kichwa wazi, mikono hewani, akicheka.
Nami nilimcheka.

Jioni Sebagenzi wangu kapiga simu:
"Mama, njoo Kampala, unione."
Kampala? Na wale wezi wa redioni?

Nikamwambia mgongo unauma.