Mapigo kwa Dakika

Jiwe letu la kurusha lilipimwa ghalani,
kwenye mizani ya chama cha msingi,
baina ya gunia la korosho la mzee Chilumba
na gunia la mtu aliyekuwa akibishana na karani.
Kilo nne na robo.
Mwalimu Nampunju akalimegua kwa patasi, kidogo kidogo,
tukalirudisha, likasoma nne kamili,
akalifuta vumbi kwa pindo la shati lake
kama mtu aliyenunua kitabu.

Ndiyo maabara yetu hiyo:
jiwe, mianzi mitatu iliyochongwa ikawa mikuki,
futi ya fundi cherehani, ambayo saa tisa anaitaka,
na uwanja wa mchanga mwekundu
wenye njia sita za majivu.
Chokaa iliishia kwenye ukuta wa ofisi.

Wa Fizikia wanatuchungulia dirishani:
"Leo mnasomea kuruka au kuchuchumaa?
Mbuzi wa bibi yangu angepata A."
Cheka tu, Dadi.
Mbuzi hajaulizwa swali la tisa:
kwa nini mkimbiaji wa mita mia nne
miguu humwia mizito akifika mia tatu?
Jibu kwa insha. Alama kumi na tano.
Mimi nimeulizwa. Na nisikufiche,
sijawahi kuwa wa kwanza popote,
hata kwenye foleni ya uji.
Mguu wangu mzito. Kalamu ndiyo nyepesi.

Siku ya misuli, mwalimu aliandika ubaoni
jina refu kama msururu wa malori ya korosho,
la lugha ambayo wenyewe walishakufa.
Nikalibeba hadi nyumbani bila kulimwaga.
Kwa Kiswahili, nikamwambia mama, ni shavu la mguu.
Na kwa Kimakonde?
Alikuwa akipukuchua mbaazi. Hakuinua macho.
"Sisi tunauita mguu," akasema.
"Ukiuma, tunauita jana."

Kisha zoezi la nyumbani: watu watatu,
mapigo ya moyo wakiwa wamepumzika.
Kaka Hashimu, sabini na mbili.
Muuza duka, tisini na moja,
alikuwa ametoka kumdai mtu.
Mama nilimkosa siku mbili,
maana fomu inasema *wamepumzika*.
Usiku wa tatu ndipo akajilaza mkekani,
mguu mmoja bado una kandambili.
Nikamwekea vidole viwili kwenye kifundo cha mkono,
Hashimu akashika simu.

Hamsini na mbili.
Nikadhani nimesinzia. Nikarudia.
Hamsini na mbili.

Mwalimu alitufundisha: moyo wa taratibu hivyo
huwa wa mtu aliyepikwa na kocha miaka na miaka.
"Nimefaulu?" mama akauliza, macho kayafumba.

Bomba la mtaa wetu limekauka tangu Agosti.
Hata kabla ya Agosti halikuwa la kusifiwa.
Kwa hiyo alfajiri anashuka ukingo wa Newala mpaka bondeni,
anapanda na lita ishirini kichwani,
jioni tena,
na kule juu hakuna aliyesimama na filimbi
wala utepe wa kukata kwa kifua.

Nikaandika: Mshiriki wa tatu, mwanamke, miaka arobaini na mitatu.
Aina ya mazoezi:
hapo nilikaa na kalamu muda mrefu.
Nikaandika: *maji*.

Daftari limerudi leo. Wino mwekundu, mwandiko wa haraka:
*Somoe, fafanua. Umbali? Uzito? Mwinuko? Mara ngapi kwa wiki?*
Hakunikata alama, hakunipa.

Basi Jumamosi nashuka naye,
nimebeba kamba yenye fundo kila mita kumi.
Mama anasema nitamchelewesha.
Ndoo ya pili nimeiomba kwa jirani,
tukifika juu nitampa mkono wangu,
yeye ndiye atahesabu.