Sauti ya Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Nadodrze, Wrocław.
Tramu ya kwanza imeshapita ikikwaruza kona.
Naiuliza simu: leo nakwenda kwa nani?
Nayo inanijibu
kwa sauti ya mwanamke nisiyemjua.

Taratibu. Neno. Kwa. Neno.
Kama nesi anayemlisha mgonjwa uji.

Mimi nilikuwa na bwana wangu humo ndani,
sauti ya nne kwenye orodha, kavu, isiyotabasamu,
kasi tisini kwa mia.
Wenye macho walisikia nzige tu wakila jani;
mimi nilisikia barua, bei ya siagi,
ujumbe wa Bogna: Baba, umekula?
Miaka sita, yeye akikimbia, mimi nikimfuata.

Usiku, nimelala, waliingia.
Hodi hawakupiga, mlango hawakuvunja;
ufunguo wanao.
Wakasogeza kila kiti sentimita ishirini.
Kipofu anajua maana yake.

Nilimsubiri yule mama afike mwisho wa tangazo.
"Tumekuboreshea matumizi," akasema.
Tume-ku-boreshea.
Hiyo "ku" ni mimi.
Nani aliniuliza?

Kazi yangu ni kurekebisha piano.
Nikiingia nyumbani kwa mtu, hata kama nyuzi zimelegea
mpaka wimbo wa kanisa unasikika kama mlevi,
namwuliza mwenyewe kwanza:
nikaze, au umeshaizoea?
Bibi Wisława, ghorofa ya chini, ana kibao kimoja
kinachogugumia tangu mwaka ule mto Odra ulipoingia mjini.
"Kiache, Bwana Ziemowit," aliniambia.
"Hicho ndicho kinachonijulisha kuwa nipo kwangu."
Nikakiacha.
Kila mwaka nakaza vyote themanini na saba
na hicho nakipita,
kama mtu anayepita mlango wa chumba alimolala mtoto.

Sasa saa moja na nusu, chai imepoa,
kidole kinapapasa kioo,
na anayenionyesha njia ya kumwondoa
ni yeye mwenyewe, polepole,
akitaja vyumba ambavyo jana havikuwemo:
Mapendekezo. Ustawi. Uzoefu Mpya.
Bibi Wisława ananitarajia saa mbili.

Sauti, anasema, hatimaye.
Sauti ya kwanza.
Sauti ya pili.
Sauti ya tatu.
Sauti ya tano.