Taarifa Rasmi

Miaka ishirini nimekaa chini ya kiti cha Spika,
vidole vyangu vikimfuata Mheshimiwa Yoramu Chilewa
neno kwa neno, kama mbuzi wanavyofuata chumvi.

Sikumpenda. Niseme mapema.
Namjua tu, mtu anavyolijua jino lake bovu.

Aliingia mwaka wa njaa, suti ya kaki,
kutoka jimbo lisilo na lami hata ya kudanganyia:
mtama, uwele, na mito ya mchanga
inayokumbuka maji mara mbili kwa mwaka.
Hotuba ya kwanza, dakika tatu:
"Mheshimiwa Spika, mimi si mtu wa kujenga. Ni mtu wa kuzuia.
Kwetu ukuta wa tembe haubomolewi kwa sababu una ufa.
Unasiribwa." (Makofi)

Akazuia.
Alipinga mkopo wa barabara;
deni, alisema, ni mgeni anayelala na viatu.
Alipinga kodi ya mifugo.
Alipinga sheria ya mirathi, mara mbili,
na mara ya pili wanawake kwenye jukwaa la wageni
walisimama, wakajifunga khanga, wakatoka.
Nikaandika: (Minong'ono).

Wanaoafiki? Ukumbi ukaunguruma: Ndiyo.
Wasioafiki? Kutoka nyuma,
kavu, kama kibuyu kinachogongwa:
Siyo.

Ndiyo wakashinda. Siku zote ndiyo walishinda,
na jimboni walimrudisha kwa siyo ile ile
vipindi vinne. "Huyu," walisema,
"akishavuka Ihumwa habadiliki."

Posho alichukua, kama wote.
Alinunua trekta, likafa,
kuku wakataga chini ya usukani.

Kisha ukaja muswada
wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua.
Alisimama na karatasi. Alisema mila.
Alisema fimbo ya babake.
Alisema ukimwachia mbuzi mmoja mlango, umeliachia zizi.
Kisha akaikunja karatasi.
"Mwanangu Mbeleje, Mheshimiwa Spika,
alikuwa wa kwanza kwa hesabu, wilaya nzima,
na mimi ndiye niliyem—"

(Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji)

Jioni alinisubiri kwenye korido, kofia mkononi.
Miaka yote ile hakuwahi kuniamkia.
"Mama, ile sentensi ya mwisho. Ifute."
Nikamsomea kanuni: tunasahihisha sarufi,
hatumsahihishi mtu.
Alitikisa kichwa taratibu.
"Kweli. Hata mimi ningepinga."

Kesho yake, kura ya sauti.
Niliegemeza sikio upande wa nyuma.
Makofi yana alama yake, kicheko kina yake.
Kwa kilichotoka kwenye kiti kile
sikupata alama.

Mwaka uliofuata, kura za maoni,
kijana mwenye spika nne juu ya gari
alimwangusha kwa kura mia moja na tisa.
Hakukata rufaa. Alipanda basi la Mpwapwa
na begi la sahani za harusi, sijui za nani.

Nilimwona Machi, soko la Majengo,
amekaa nyuma ya makreti ya zabibu.
Alinitazama kama mtu anayetafuta jina
ambalo hakuwahi kuuliza.
Mwanamke kando yake, mtu mzima, kilemba cha kijani,
alinitajia chenji kabla sijafungua pochi.
"Elfu tatu na mia nne," alisema, "na baba amekuongeza kichala."

Zilikuwa chachu kidogo.
Nilizila zote, nimesimama, juani.