Mpaka Izimike Yenyewe

Barua ilifika mwishoni mwa Novemba, jina langu limekosewa:
Steinvör wakaandika Steinor,
kama aina ya rangi ya ukutani.
Walisema betri yangu imo kwenye orodha.
Walisema hakuna aliyeumia,
kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo:
usiiache juu ya kitanda.

Miaka minne nimeipakata kompyuta ile
nikipiga hesabu za mnada wa samaki,
barafu kwa tani, faini za wachelewaji,
na joto lake likipenya sketi ya sufu
nikilishukuru. Kumbe
nimempakata paka mwenye kichaa.

Hrafnkell wa ghorofa ya juu,
miaka kumi na miwili na meno yamefungwa nyaya,
aliigeuza kifudifudi, akasukuma vikomeo viwili,
akanisomea namba, maana kwa macho yangu
sita na nane ni ndugu wa tumbo moja.
"Ndiyo yenyewe," akasema, kwa furaha isiyo na adabu.
Ubavu mmoja ulikuwa umevimba kidogo,
shavu la mtu anayeficha peremende.

Posta, Eyvindur alikataa hata kuigusa.
Ndege haibebi kitu kama hicho,
na barabara ya mlimani imezikwa, theluji
imeporomoka mara mbili wiki hii.
"Basi niiweke wapi?"
Akatazama dirisha. "Mbali na wewe. Na mbali na mimi."

Nikaifukia kwenye sufuria ya mchanga
ndani ya kibanda cha masepetu,
na kila asubuhi nikaenda kuichungulia
kama anayemtembelea shemeji yake jela:
si mapenzi, si woga,
ni kuhakikisha tu kwamba bado yumo.

Wiki nane niliandika nikiwa mfungwa wa ukuta.
Hesabu za Jumanne nzima
zilipotea kwa kisigino changu na waya.

Mpya ililetwa na meli, nyepesi,
inanukia kama duka la viatu.
Nilitaka kuipa kazi papo hapo.
Karatasi ikakataa:
Ijaze mpaka juu. Iache saa mbili ikiwa imeshiba.
Kisha chomoa, fanya kazi zako,
na usiiokoe.
Izimike yenyewe. Ilale gizani kwa muda wa saa tano.
Ndipo uijaze tena bila kukatiza.

"Kwa nini lazima ife?"
Hrafnkell, mkate mdomoni:
"Haifi. Haijui tu chini yake iko wapi.
Kwa sasa inakisia."

Nimeishi na wakisiaji.
Mume wangu wa kwanza alikisia madeni.

Usiku ule nilikesha nayo. Arobaini. Kumi na tisa.
Ísafjörður imebanwa na milima;
jua lilikuwa halijatuona tangu barua ile ije.
Ilipofika saba ikaanza kunionya,
na mkono wangu ukaenda kwenye waya bila kuniuliza.
Nikaukalia.
Tatu. Mbili.
Mbili ikadumu dakika kumi na moja,
hapo nikaamini maneno ya mtoto.
Kisha kioo cheusi kikanionyesha uso wangu,
nywele timtim, miwani upande.

Kwa saa tano hakuna la kufanya.
Nikakoroga unga na maziwa:
keshokutwa, mawingu yakikubali,
jua litachungulia juu ya bega la mlima, dakika chache tu,
na mtaa mzima utakula chapati nyembamba
tukisifia kitu ambacho hakikwenda popote.

Alfajiri nikachomeka. Kitaa kidogo kikawaka.
Nikavaa buti, nikaenda kibandani.
Theluji ilikuwa imepenya upenyo wa mlango,
imetua juu ya mfuniko, haikuyeyuka hata chembe.
Nikafukua kwa kijiko, nikaigusa: baridi tupu.
Nilifurahi. Halafu sikufurahi sana.
Magoti yangu yana kumbukumbu zao.

Eyvindur anasema barabara itafunguliwa Jumatatu.
Kisanduku kiko tayari mezani,
na mahali pa mtumaji nimeandika jina langu,
herufi kubwa, nukta zote mbili juu ya ö.