Nyumbani kwa Bi Entwistle

Bi Winifred Entwistle wa Accrington
hajakimbia tangu nyonga yake ya kushoto
ibadilishwe kwa chuma, mwaka ule wa theluji nyingi.
Huvuka sebule kwa kiegemeo cha magurudumu mawili,
hatua, pumzi, hatua.
Kutoka kitini hadi dirishani ni safari.

Lakini kinywani mwake kila kitu kinakimbia.

"Nikimbizie bafu, mpenzi," alisema,
na Zenta, Mlatvia, siku yake ya kwanza ya kazi,
kamusi mfukoni, aproni bado ina mikunjo ya dukani,
akasimama mlangoni
akilitazama lile bafu zito la zamani,
miguu yake minne yenye kucha za simba,
akisubiri liondoke.

Kesho yake akanunua daftari.

Jumatatu. Pua ya bibi inakimbia. Peleka karatasi laini.
Jumanne. Blauzi nyekundu imekimbia ndani ya mashine,
shuka zote sasa ni za waridi. Kosa langu.
Alhamisi. Tumekimbia nje ya sukari.
Hakuna aliyetoka nje.
Basi la saa mbili na robo halikimbii sikukuu;
siku nyingine, likija, linatambaa.
Upara unakimbia katika ukoo wa Entwistle,
na picha za ukutani ni mashahidi:
vichwa vitatu vinang'aa kama mayai,
vyote vimetulia tuli.

Marehemu Norris, mumewe,
alikimbia duka la viatu miaka thelathini na mmoja.
Hapo Zenta aliweka kalamu chini kwa huruma.
Mtu gani hulikimbia duka lake mwenyewe
miaka thelathini na mmoja
na kila jioni akarudi kwa wakati wa chakula?

Mimi ninayeyasimulia haya kwa Kiswahili
nilitaka kucheka. Kwetu kila kazi ina mwenyewe:
maji hutiririka, rangi huchuja,
kamasi huchuruzika, duka huendeshwa,
sukari huisha bila kutoka jasho.
Wao wamemshika mtoto mmoja wa herufi tatu,
wanamtuma kisimani, dukani, puani,
hawampi hata kiti.

Kisha nikakumbuka tunavyopiga.
Simu tunapiga, pasi, deki, mswaki,
chafya, miayo, magoti.
Mtu tunampiga picha
naye anatabasamu.
Nikafunga mdomo wangu.

Jioni moja ya Februari, mvua ile nyembamba
isiyonyesha wala isiyokoma,
Bi Entwistle aliweka kikombe kwenye kisahani.
"Niliwahi kukimbia," alisema.
Zenta akafungua daftari, kalamu tayari,
akangoja kisemwe kilichokimbia:
bomba? homa? hesabu ya benki?
Hakikuja kitu.
"Nini, bibi?"
"Mimi. Kwa miguu hii.
Michezo ya kiwanda cha pamba, yadi mia,
peku, kwa sababu viatu vilikuwa vya dada yangu
naye alikuwa anavitazama.
Nilishinda birika. Lile pale, lisilo na mfuniko."

Zenta hakuandika kitu.
Wakalitazama birika.

Halafu bibi akaitazama saa, akarudi kuwa yeye:
"Haya, kimbia zako, mwanangu, giza linaingia,"
maneno ambayo kule maana yake ni kwaheri tu,
nenda, taratibu, chukua mwavuli.

Zenta alijua. Ukurasa wa tisa, mstari wa chini.
Lakini basi lilikuwa limekwisha kuwasha taa kituoni,
na barabara inateremka, na lami inang'aa,
akaushika mkoba kifuani
akalitii neno kama lilivyozaliwa.

Juu kule pazia lilisogea.
Bi Entwistle, mkono mmoja kwenye kiegemeo,
midomo ikicheza,
alikuwa anahesabu yadi.